Nani Anakula Nyekundu?

Msije mkaniambia nimsifu yule mwanamke. Kama mmekuja kutafuta sifa zake, nendeni kwa dada yangu, yeye anazo za kumwaga. Mimi nitasema nilichokiona kwa macho yangu miaka tisa. Nilimwona mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mkavu, mdomo wembe, aliyevaa kijivu tangu siku aliyoingia kwetu mpaka siku niliyotoka mimi. Sketi ya kijivu, sweta ya kijivu, kitambaa cha kichwa cha kijivu. Wiki ya kwanza tulidhani kafiwa. Mkata karatasi wetu, mama mwenye huruma zisizo na mpango, akaenda kumpa pole. Akajibiwa, "Pole ya nini? Rangi ya nguo inaangukia kwenye skrini. Nikivaa nyekundu nitaona nyekundu ambayo haipo." Tukamwita Bi Kijivu kuanzia siku hiyo. Hakukasirika hata kidogo, nadhani alipenda.

Kwetu ni kiwanda kidogo cha uchapaji cha shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Vyumba vitatu vinavyofuatana. Cha mbele cha wateja, cha kati cha Bi Kijivu na kompyuta yake ya kuchorea, cha nyuma cha mashine. Mashine ilikuwa yangu. Si kwa karatasi, lakini muulizeni yeyote, ilikuwa yangu. Wino wa rangi nne, kila rangi na mtungi wake, rola za raba za kupaka wino thelathini na kitu, na mimi peke yangu niliyejua ikikohoa inataka nini. Sikusomea chuo. Nilifundishwa na mtu aliyenitangulia, ambaye naye alifundishwa kwa makofi. Kwa hiyo sikupenda mtu wa vitabu kuja kuniambia habari za mashine, na mwanamke wa kijivu ndiyo kabisa.

Siku yake ya tatu tu, mgeni hata kikombe chake cha chai hajakitambua, alikuja mpaka mlangoni kwangu na karatasi mbili mkononi.

"Kaka, samahani," akasema. Siku hizo bado alikuwa ananiita kaka. "Mashine yako inakula nyekundu. Hebu kagua rola za mtungi wa nyekundu. Nadhani raba imekuwa ngumu."

Mkata karatasi alikuwepo. Shemeji alikuwepo. Wateja wawili walikuwepo. Yaani mtu hajamaliza wiki anakuja kunivua nguo mbele za watu!

Nikamwambia, "Bibie, hapa kuna ufagio nyuma ya mlango. Ukikosa kazi, fagia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakununa. Alinitazama tu, akazikunja zile karatasi mara nne, akarudi chumbani kwake. Hakuwahi kuniambia tena habari ya rola. Na kaka nayo ikaisha. Nikawa "wewe bwana", na nikiudhi zaidi, "Bwana Mpauko".

Jina hilo lilinishika kama kupe, na sababu yake ni hii. Kazi alizochora yeye mwenyewe zilikuwa zinatoka vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini mteja akija na faili lake alilochorewa kwingine, linatoka limepauka. Nyama ya bucha inakuwa kama imechemshwa. Uso wa bibi harusi unakuwa kama wa mgonjwa. Mteja anafoka, Bi Kijivu ananyosha kidole kwangu, mimi nanyosha kwake. Na mimi nilikuwa na hoja. Nilikuwa nawachukua wateja mpaka kwenye skrini yake, nawaonyesha faili zao zilivyo mle ndani. Zimepauka! Hata kabla hazijafika kwangu zimepauka!

"Mnaona?" nilikuwa nasema. "Skrini imechakaa. Kila faili linapita kwake kwanza. Anayekula nyekundu ni huyu."

Yeye anakaa kimya, anakunywa maji. Wallahi ule ukimya ulikuwa unanipandisha mori kuliko matusi.

Sasa niwaeleze kidogo alivyokuwa, msije mkasema nimemchora upande mmoja. Baba yake alikuwa mchora vibao vya maduka, na yeye tangu ana miaka kumi alikuwa anakoroga rangi kwenye makopo ya maziwa. Alitusimulia mara moja tu, siku umeme ulipokatika na hakuwa na la kufanya. Baba yake alikuwa anamwambia, "Niletee kijani cha jani la jana," na akileta cha jani la leo anarudishwa. Aliolewa, akaachika, akalea mtoto wa kike peke yake mpaka akawa muuguzi. Hayo mimi nayaheshimu. Lakini mtu anaweza kulea mtoto vizuri na bado akawa sumu kazini. Chumba chake alikipaka kijivu mwenyewe, Jumapili, kwa mikono yake. Dirisha akaliziba kwa boksi. Ukiingia na shati la rangi kali anakwambia, "Simama huko huko." Mteja mmoja mwenye koti la njano aliongea naye nusu saa akiwa nje ya mlango kama anaungama. Na vitufe vya skrini, vile vya kuongeza na kupunguza rangi, alivibandika plasta ya dukani, ile pana. Ole wako uiguse.

Chakula chake alikula nje, amesimama, ili mafuta yasiguse kibodi. Hata shemeji, mwenye mali, alikuwa anabisha hodi.

Miaka tisa tuliishi hivyo, yeye chumba cha kati, mimi cha nyuma, ukuta mmoja katikati. Asubuhi hatusalimiani. Akitaka kunitumia ujumbe anamwambia mkata karatasi, "Mwambie yule bwana plati za kuchapia ziko tayari." Na mimi niko hatua tatu, nasikia. Namwambia mkata karatasi, "Mwambie nimesikia." Mama wa watu alikuwa anageuza shingo huku na huku mpaka akaanza kulalamika maumivu.

Kompyuta ikafa Jumanne, saa nne asubuhi. Ilitoa harufu ya waya, ikalia mara tatu, ikazima, na skrini ikaenda nayo. Na ilikufa wakati mbaya, maana tulikuwa tumepata kazi ya kiwanda cha nyanya za kopo. Maboksi ya kubebea makopo, mwaka mzima, wakiridhika na boksi la mfano. Wao walitaka kitu kimoja tu, nyanya iwe nyekundu. Wanayo nyekundu yao, wameleta na kipande cha bati lililopakwa, na wamesema ikipotea hata kidogo, kazi inahama.

Shemeji akatuita wote watatu chumba cha mbele. Ana tabia ya kupangusa miwani akiwa na hofu, na siku hiyo aliipangusa mpaka nikaogopa vioo vitatoka.

"Vifaa vyote vipya," akasema. "Kompyuta na skrini. Lakini nisaidieni, maana nimechoka. Nyekundu inapotea wapi? Kwa nyinyi wawili nimekuwa mwamuzi wa mpira."

Mimi nikaona nafasi. Moyo ulinidunda kwa furaha, sifichi. Nikasimama.

"Shemeji, nunua skrini ya kweli. Si ya kubahatisha, ile inayopimwa. Ikiwa ya kweli, tutajua mwongo ni nani. Rangi ya skrini na rangi ya karatasi zikitofautiana, mashine ndiyo yenye kosa, na mimi natoka hapa siku hiyo hiyo kwa miguu yangu. Zikifanana, basi miaka tisa huyu ndiye aliyekuwa anatuharibia, na atoke yeye."

Mkata karatasi akaweka mkono mdomoni.

Bi Kijivu akanitazama. Kwa mara ya kwanza kwa miaka aliongea na mimi moja kwa moja. "Wewe bwana, chunga maneno yako. Neno likitoka halirudi."

"Unaogopa?"

"Nimesema chunga."

"Shemeji, unaona? Anaogopa!"

Shemeji akavaa miwani. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Sawa," akasema. "Iwe hivyo. Mmoja wenu amekuwa akinipotezea wateja, na kazi hii siwezi kuipoteza. Atakayeonekana ana kosa, anaondoka. Undugu tutauongelea nyumbani."

Kwa hiyo mjue, tulipokwenda dukani kesho yake hatukuwa tunakwenda kununua kompyuta. Tulikuwa tunakwenda kununua hakimu. Kibarua changu, miaka kumi na saba, kilikuwa kinategemea kioo kimoja, na mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo.

Lilikuwa duka kubwa, la ghorofa, muziki unapigwa humo ndani kama harusini. Muuzaji akatupokea, mwanamume mwenye tai fupi na maneno marefu. Kusikia "kazi za grafiki" tu akatupeleka kwenye kasha moja lenye ubavu wa kioo, ndani yake mafeni yanawaka nyekundu, buluu, kijani, yanabadilika.

"Mama, chukua hii. Hii ni mnyama," akasema.

"Zima hizo taa," akasema Bi Kijivu.

"Hazizimwi, mama. Ndiyo uzuri wake."

"Basi hilo ni disko. Mimi nimekuja kununua kompyuta."

Akaanza kumhoji yule bwana mpaka tai ikalegea. Memori ngapi? Kumi na sita. "Zidisha mara mbili. Faili la boksi lina tabaka mia mbili. Kwa kumi na sita nitakuwa nagusa kitufe, naenda kupika, narudi bado linafunguka." Prosesa gani? Akataka ya kati, yenye nguvu lakini isiyochemka, kwa sababu feni ikipiga kelele yeye hawezi kusikia kama diski inaumwa. Diski? Akataka mbili, moja ya haraka ya kufanyia kazi, moja kubwa ya kutunzia, "maana faili moja kwenye diski moja ni sawa na halipo". Kadi ya grafiki aliyoshikilia muuzaji ilikuwa kubwa kama tofali, na bei yake peke yake ilikuwa inatisha. Muuzaji akaisifu hiyo kadi kama anaoza binti. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

"Irudishe," akasema Bi Kijivu. "Hiyo ya wacheza gemu. Sisi tunachora maboksi, hatuui mazimwi. Nipe ndogo. Pesa zote zilizobaki ziende kwenye skrini."

Shemeji alifurahi. Mimi nilinuna, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumpinga na sikupata pa kuanzia.

Tukafika kwenye ukuta wa skrini. Zilikuwa kama ishirini, zote zinaonyesha filamu moja ya kasuku na samaki, rangi zinakurukia usoni. Ukweli, nilipenda karibu zote. Shemeji alikuwa ameshasimama mbele ya moja iliyopinda, mdomo wazi.

"Ondoa kasuku," akasema Bi Kijivu. "Weka kijivu. Kijivu tupu, skrini zote."

Yule bwana alidhani hakusikia vizuri. Akaambiwa tena. Akaweka. Loo! Ukuta mzima ukaumbuka. Kijivu kilikuwa kile kile kimoja, lakini hii ikakionyesha cha waridi, ile cha kijani, ile ya pembeni cha buluu, na ile iliyopinda, mpenzi wa shemeji, ilikuwa na doa la manjano kwenye kona kama mkojo wa mtoto. Kumbe kasuku anaficha mengi. Zilizobaki na kijivu cha kijivu zilikuwa mbili tu. Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu ilikuwa akili, na haikuwa yangu.

Skrini ya kwanza ilikuwa na vitufe vya kugeuza kila rangi kwa mkono, ukitaka nyekundu juu, ukitaka chini. Ya pili ilikuja na kidude cheusi, kama kikombe cha mayai, unakining'iniza juu ya kioo, kinasoma rangi, na skrini inajirekebisha yenyewe mpaka iwe sawa. Ilikuja na cheti. Mkono wa mtu hauingii.

Bi Kijivu akaigusa ya vitufe. "Hii inatutosha, bosi. Na ni nafuu."

Mimi hapo nikaruka. "Aka! Nafuu ya nini? Anataka vitufe ili achezee! Tuchukue yenye kipimo."

"Yenye kipimo ni nzuri," akasema polepole. "Kuliko zote hapa. Lakini ikiingia ile, hapatakuwa na pa kujificha."

"Nani anajificha?"

Akamgeukia shemeji. "Bosi, hii ya vitufe. Nakuomba."

Nakuomba! Miaka tisa sijawahi kusikia neno hilo katika kinywa chake. Nikajua nimemshika. Na shemeji naye akaona vile vile nilivyoona, mtu mwenye hatia anayetafuta mlango wa nyuma. Akamwambia muuzaji afunge ile yenye kipimo.

Nje, shemeji akipakia maboksi nyuma ya gari, Bi Kijivu akanisogelea. Alinuka sabuni na karatasi. Akasema kwa sauti ya chini, shemeji asisikie, "Bado una nafasi. Mwambie umefikiri upya."

"Thubutu," nikamwambia. "Anza kutafuta kazi."

Akatikisa kichwa, akapanda gari.

Ijumaa asubuhi kila kitu kilikuwa juu ya meza. Kidude kikaning'inizwa, kikasoma, skrini ikapitisha rangi zake moja moja, ikamaliza. Shemeji mwenyewe alisimamia, ili isije ikasemwa. Kisha akamwambia Bi Kijivu afungue kazi zake za zamani alizozitunza kwenye diski ya akiba, zile nzuri, zilizotoka vizuri.

Akafungua bango la kliniki ya watoto. Jamani! Mtoto alikuwa mwekundu kama kachomwa na maji ya moto. Akafungua kadi ya harusi, bwana na bibi kama wamezabwa vibao mpaka mashavu yamevimba. Akafungua lebo ya maziwa, na maziwa yenyewe yana rangi ya waridi. Faili baada ya faili, nyekundu inabubujika.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Njooni muone! Mkata karatasi, njoo! Mtaalamu wa rangi huyu! Miaka tisa anachora watu waliobabuka! Shemeji, sasa?"

Shemeji alikuwa hacheki. Alikuwa amechukua bango lenyewe la kliniki, lile tulilochapa, kutoka kabatini, na analishika kando ya skrini. Kwenye karatasi mtoto alikuwa sawasawa, mzuri, ngozi yake ya kawaida kabisa.

"Faili ni jekundu," akasema. "Karatasi ni sawa. Nyekundu iliyozidi hapa imekwenda wapi?"

Nikaacha kucheka, lakini bado sikuelewa. Au nilielewa na sikutaka. Bi Kijivu alifungua boksi la nyanya, akaweka nyekundu kama lile bati la kiwanda, sawasawa, tukailinganisha wote kwenye skrini na haikupungua wala kuzidi. Akatengeneza plati. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akanipa mkononi mwenyewe.

Nikafunga plati. Nikatia wino. Nikawasha. Karatasi ya hamsini nikaitoa, nikaiweka mezani.

Nyanya zilikuwa mbichi. Si nyekundu, si waridi, ni rangi ya kidonda kinachopona. Nikasema wino haujakaa, nikafungua zaidi. Karatasi ya mia, ile ile. Nikafungua mpaka mwisho, ikaanza kutoa michirizi, hapa damu, hapa hakuna kitu. Shemeji amesimama na lile bati mkononi. Nikazima mashine, nikapitisha mkono mpaka kwenye rola za mtungi wa nyekundu, mkono mtupu, nikabonyeza.

Raba ya rola inatakiwa ibonyee kama sikio. Ile ilikuwa ngumu kama sahani, haishiki wino.

Nilikaa pale nimeinama, mkono ndani ya mashine, kwa sababu sikujua nikiutoa nifanye nini. Nyuma yangu nikasikia shemeji anamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua siku ya tatu," akasema Bi Kijivu. "Nilimwambia. Mlicheka wote."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo niliona kurekebisha skrini ni rahisi kuliko kumrekebisha yeye. Nikapunguza nyekundu ya skrini kwa vitufe, mpaka ikawa imepauka vile vile kama mashine yake. Nikabandika plasta mtu asiguse. Nikawa nachora mpaka kazi ionekane sawa kwenye skrini mbovu, na ikitoka kwenye mashine mbovu inakuwa sawa. Za kwangu zilitoka vizuri. Za wateja wengine sikuweza kuzichora upya zote, bosi. Mikono ni miwili."

Nikautoa mkono. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Nilimchukia. Naomba mnielewe, watu hupenda kusema mtu akionyeshwa ukweli moyo unalainika. Wangu ulikuwa jiwe. Nilimchukia kuliko siku zote za ile miaka tisa, kwa sababu kila kazi niliyowahi kujivunia, kila bango nililomwonyesha mtoto wangu barabarani nikamwambia "lile nimechapa mimi", lilikuwa limebebwa na yeye.

Shemeji akapangusa miwani. Rola mpya zingechukua wiki tatu kufika. Boksi la mfano lilitakiwa Jumatatu. Akamwambia Bi Kijivu, "Unaweza kulichora kwa namna yako ya zamani? Mara hii tu?"

"Naweza. Namba ninazo kichwani."

"Na huyu?" Alinionyesha kwa kidevu. Alinionea aibu, nadhani, hata jina la shemeji hakulitumia. "Alisema mwenyewe atatoka. Lakini wewe ndiye uliyebeba mzigo. Sema wewe."

Chumba kizima kikageuka kwake. Alinitazama, na ile sweta yake ya kijivu, na macho yake yaliyochoka kwa kukodolea kioo kibovu.

"Mimi sina haja ya kumfukuza mtu," akasema. "Akae. Lakini na yeye aniombe radhi. Neno moja, hapa hapa, mbele ya hawa hawa waliocheka."

Wote wakanigeukia. Mkata karatasi alikuwa ananikonyeza, ananitingishia kichwa, sema, sema mwanangu. Ilikuwa neno moja. Mtoto mdogo analijua. Nikafungua mdomo, na Mungu ndiye shahidi, nilikusudia kulisema.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Kafagie."

Nikavua ovaroli, nikaliacha sakafuni, nikatoka.

Boksi la mfano lilikubaliwa. Shemeji mwenyewe aliendesha mashine, Bi Kijivu kasimama pembeni anamwelekeza, na nyanya zilitoka nyekundu, kwa rola zile zile zilizokufa. Dada yangu alinipigia simu jioni yake. "Mdogo wangu, neno moja tu? Neno moja lilikushinda?" Kisha akakata, na mpaka leo akinipigia anaongea na mke wangu.

Shemeji hakukata tamaa haraka, nimpe haki yake. Rola mpya zilipofika alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai. Akasema kiti changu kiko wazi na Bi Kijivu hajabadili sharti, hajaongeza wala hajapunguza. Niende, nisimame mlangoni kwake, niseme, nikavae ovaroli. Mke wangu alikuwa analia jikoni na hakujificha kulia. Nikasema nitakwenda.

Na neno lenyewe nalijua. Nimelisema mara nyingi, bafuni, maji yakimwagika watoto wasisikie. Linatoka vizuri kabisa, tena kwa sauti ya mtu mwenye adabu. Nimekwenda mara mbili mpaka kwenye kona ile ya kiwanda, nimeona boksi lililoziba dirisha lake, nimegeuka.

Shemeji alinipa mpaka Jumatatu iliyopita. Leo ni Alhamisi.